Bendera ya Ikabodi: jibu kwa mwinjilisti mwenye barua ndani ya Biblia

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja mkoani Morogoro, nina miaka 43. Nilipokabidhiwa mtaa huu miaka kumi na mmoja iliyopita tulikuwa watu tisa, tunasali chini ya mwembe. Tulifika sitini na kitu, tukajenga. Mwaka jana upepo ukang'oa paa lote. Tukachangishana bati, na kabla hazijapigwa likazuka neno kwamba nimekula hela. Kamati ikakagua, ikaona hakuna kilichopotea, ila mpaka leo hakuna aliyesimama kulisema hilo mbele ya watu. Familia nane zimehamia huduma mpya ya mjini. Mke wangu ana kisukari, na posho yangu inachelewa miezi. Siku hizi naamka saa nane usiku na silali tena. Nikiomba naona kama naongea na dari. Kuhubiri nahubiri, ila ni kama nasoma gazeti. Nimeandika barua ya kuacha utumishi, iko ndani ya Biblia yangu. Je, nikiipeleka nitakuwa nimemkana Bwana? Na kama sitaipeleka, mtu anadumuje katika hali hii?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ameni, asifiwe.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki. Nilidhani jicho langu lingenasa kwenye zile bati, maana nimefundisha historia ya kanisa miaka mingi na ugomvi wa fedha humo haukosekani, tangu Yuda aliposhika mfuko. Lakini kila nikiisoma narudishwa pale pale: saa nane usiku. Mtu asiyelala kwa miezi hawezi kujua kama imani yake imekufa au ni mwili wake tu umeisha mafuta. Vyote viwili ukiwa ndani yake vinafanana.

Kwa hiyo kabla ya Neno, nenda kituo cha afya. Usiende kama msindikizaji wa mama wa kisukari. Nenda kwa ajili yako, uandikishwe jina lako. Mweleze daktari umekosa usingizi tangu lini, chakula unakionaje, na kama kuna kitu ulichokuwa unakipenda ambacho sasa hakikuvutii. Na kama hata siku moja limepita wazo kwamba ni heri usingekuwepo, usilifiche kwa kuona aibu ya cheo. Mwambie mkeo na mwambie mtu mwingine mzima leo hii, kisha umwambie daktari hivyo hivyo lilivyo. Nimezika mtumishi mmoja ambaye sote tulikuwa tunamsifu kwa uvumilivu. Sitaki kuongeza zaidi hapo.

Kuna watakaokuambia hilo ni la watu wa dunia, kwamba mpakwa mafuta hatibiwi huzuni kwa vidonge. Wafungulie 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kuona moto ukishuka Karmeli. Kesho yake Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na nabii anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Angalia anachofanyiwa. Malaika hamkemei wala hamfundishi. Anamgusa, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anarudi kulala. Malaika anakuja mara ya pili, chakula tena, na sababu anayopewa ni ya kimwili kabisa: safari ni kubwa mno kwako. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya siku arobaini. Hata huko, ukisoma vizuri, hapewi karipio. Anapewa kazi tatu za kufanya, moja ikiwa kumtafuta Elisha, maana yake mtu wa kutembea naye. Wahubiri wengi tunakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Mimi siku hizi nakaa zaidi kwenye mkate.

Sasa bati. Naomba unisamehe nikisema jambo ambalo si la kiroho. Paa la nyumba ya matofali haling'olewi lote na upepo wa kawaida kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta. Mara nyingi kwenye majengo yetu ya kujitolea kenchi zinakalishwa tu juu ya tofali, papi zinapigwa misumari miwili miwili, bati linawekwa, na Jumapili ya uzinduzi tunamshukuru Mungu. Upepo ukija kupitia madirisha yasiyo na vioo unaliinua paa kwa ndani kama kofia. Nakwambia hivi kwa sababu najua umeulizwa, au umejiuliza mwenyewe saa nane hiyo ya usiku, ni dhambi gani iliyoleta upepo. Huenda hakuna. Huenda ni waya tu uliokosekana. Mafundi wakirudi, simama hapo uone kila kenchi imefungwa kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta, na kama ukuta hauna linta ya zege juu ya madirisha, msipige bati mpaka iwepo.

Neno lililozuka ni zito kuliko upepo, nalo lina njia yake. Kamati imekusafisha chumbani, na aliyechafuliwa barabarani hasafishwi chumbani. Usihubiri juu yake. Nakuomba sana hapo, maana mimbari inatamanisha, na kuna Jumapili nzima watu wamelishwa hasira ya mhubiri wakidhani ni Neno. Mwandikie mchungaji wa usharika, kwa heshima, ukiomba mambo mawili: muhtasari wa kikao kilichopokea taarifa ya ukaguzi upatikane kwa maandishi, na matokeo yasomwe na mwenyekiti wa kamati wakati wa matangazo, Jumapili ambayo watu wapo, isiwe ile ya mvua. Ukimaliza hapo, jitoe kwenye fedha ya ujenzi moja kwa moja. Mtunza hazina ashike kitabu, watu wawili watie sahihi, risiti zibandikwe ukutani wiki hiyo hiyo bati zinaponunuliwa. Paulo alifanya hivyo na mchango wa Yerusalemu. Katika 2 Wakorintho 8 anasema wazi kwamba anasafiri na ndugu wengine ili mtu asije akawalaumu katika habari ya karama hiyo, na kwamba wanaangalia mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mzima aliona haimtoshi kujua moyoni kwamba ni mwaminifu.

Je, kama wakikataa kusoma? Basi utakuwa umejua kitu cha kweli kuhusu mahali ulipo, na kitakusaidia kwenye lile swali lako la barua. Tutafika.

Kuhusu familia nane sina mengi. Wengine walihama kwa sababu ya neno la bati, wengine kwa sababu kule kuna spika kubwa na hapa hakuna paa. Watembelee mara moja, usiwaombe warudi. Msiba ukitokea kwao uwe wa kwanza kufika na ukae mpaka maziko. Basi.

Nije kwenye dari. Unasema ukiomba ni kama unaongea na dari. Kwa maelezo yako kanisa lenu kwa sasa halina hata hiyo. Nacheka nawe, sikucheki. Nataka nikupeleke mahali, kwa sababu hoja yangu yote iko huko.

Twende Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda nyuma ya Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Julai ya mwaka huo huo Rosine alijifungua, na baada ya siku chache akafa kwa homa, na mtoto mchanga naye akafa. Walizikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa, na kaburi lipo mpaka leo Nyali. Mwaka huo huo, baina ya homa na homa, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai.

Rebmann tunamjua kwa theluji. Mei 1848 aliona cheupe juu ya Kilimanjaro, akaandika, na wasomi wa Ulaya wakamcheka kwamba barafu haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hiyo iko kwenye vitabu vya shule. Isiyosemwa sana ni miaka iliyofuata. Krapf afya ikamshinda akaondoka. Rebmann akabaki. Mtoto wake akafa akingali mdogo, na mwaka 1866 mkewe Emma naye akafa. Macho yakaanza kuzima. Waongofu? Wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa mgonjwa wa kufa, na baada yake waliongezeka mmoja mmoja, kwa kuchelewa sana. Wewe umefikisha sitini kwa miaka kumi na mmoja. Mzee huyu angekuonea wivu. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafa kwao Ujerumani.

Sikusimulii haya ili uone shida yako ni ndogo. Nayachukia mahubiri ya namna hiyo, ya kumpima mtu aliyeumia kwa kidonda cha mwingine. Wala sina hakika kwamba kukaa miaka 29 bila kurudi kwenu kupumzika ni jambo la kuigwa. Ningekuwa askofu wake ningemlazimisha likizo. Ninachotaka uone ni alichokifanya wakati watu hawaji. Alikuwa na mtu aitwaye Salimini, aliyetoka pande za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani kama mtumwa. Rebmann akakaa naye, akimwuliza neno moja moja la lugha ya kwao na kuliandika. Hiyo ni kazi isiyo na makofi, na haiingii kwenye ripoti ya waliookoka. Kamusi ile ilichapishwa mwaka 1877, mwandishi wake akiwa kaburini tayari.

Lakini mtu ninayekuletea hasa ni William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisionari Nasik, India, na mwaka 1864 akaletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Mei 1885 Askofu James Hannington akamweka wakfu kuwa shemasi, yeye na mwenzake Ishmael Semler. Miezi miwili baadaye Jones akaondoka na Hannington kwenda Uganda kwa njia mpya iliyokata Umasaini. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, askofu akatangulia na watu 50 na kumwachia Jones wengine wote wamsubiri. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu wenzake wote. Walionusurika wachache ndio waliorudi kumpa Jones habari.

Jitie kwenye viatu vyake. Askofu aliyekuwekea mikono juzi ameuawa. Karibu wanaume hamsini uliowajua kwa majina, wengine wana wake wanaowasubiri pwani, hawapo. Una wapagazi zaidi ya mia, chakula kidogo, na mamia ya maili mbele yako kwa miguu. Jones akawarudisha. Februari 1886 wakaingia Rabai, na mbele ya msafara ilibebwa bendera ya buluu, juu yake neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi.

Unalijua neno hilo. Ni 1 Samweli 4: sanduku la agano limetekwa, Eli amekufa, mkwewe anajifungua akiwa anakata roho na kumpa mtoto jina hilo, akisema utukufu umeondoka katika Israeli.

Darasani kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kunyoosha mkono hapo: Mchungaji, shemasi anaruhusiwa kubeba neno kama lile? Si kukosa imani? Je, hakupaswa kuandika "Bwana ni Mchungaji wangu"? Nami nilikuwa nikiwauliza, ninyi mlitaka aingie mbele ya wale wajane na bendera gani?

Jones hakuikunja walipokaribia nyumbani. Hakuingia usiku. Alisema kilichotokea, kwa neno la Biblia, mbele ya watu wake, mchana. Kisha, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaifuatilii, akabaki Rabai akifanya kazi. Miaka iliyofuata watumwa waliotoroka mashambani walimiminika pale kuomba hifadhi, wakawa wengi kiasi cha kuleta mgogoro na mabwana zao, na Jones ndiye aliyekuwa akiwapokea. Mwanzoni mwa 1889 fidia ikalipwa na mamia yao wakapewa hati za uhuru. Kituo ambacho Rebmann alikaa karibu peke yake, na ambacho bendera ya Ikabodi iliingia kwa kilio, kikawa kijiji cha watu huru. Jones hakujua hilo Februari 1886. Asingeweza kulijua, na wala halikupunguza kitu kwenye kilio cha siku ile.

Nadhani umeshaona ninakoelekea. Wewe bendera yako umeikunja ndani ya Biblia. Kila Jumapili unapanda na "Bwana ni Mchungaji wangu" mdomoni na Ikabodi mfukoni, na ndiyo maana unajisikia kama msoma gazeti. Huongei uongo, ila unaongea habari za mtu mwingine.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Nyumbani, jioni, wewe na mkeo someni Zaburi ya 88 kwa sauti, taratibu. Ni ya Hemani, mtu wa kwaya ya hekalu, tena kiongozi. Haina kibwagizo cha ushindi. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikashukuru. Hii inaishia gizani, na wakusanyaji wa Maandiko waliiacha hivyo hivyo ndani. Ukimaliza usiongeze sala ya kuitengeneza. Funga kitabu, pimeni sukari, mlale. Fanyeni hivyo wiki nzima. Sikuahidi kwamba utasikia kitu. Nakuahidi tu kwamba hutakuwa unaongea na dari kwa maneno ya kuazima.

La pili ni gumu zaidi. Tafuta wazee watatu wa mtaa unaowaamini, uwaambie: wazee wangu, nimechoka, nimeumia, na nimeandika barua ya kuacha. Uwaonyeshe. Usiwaambie kwa mafumbo ya "tuombeane, ndugu, vita ni vikali". Sema. Musa alipofika mwisho, katika Hesabu 11, alimwambia Mungu waziwazi kwamba mzigo wa watu hawa ni mzito, heri uniue. Jibu lilikuwa wazee sabini wa kuubeba pamoja naye. Sasa sabini hao wangepatikanaje kama angeendelea kutabasamu?

Nami si kwamba nahubiri kutoka kwenye kiti cha ofisi. Nilipokuwa na miaka 38 nilihamishwa kwa fitina, mahali sitapataja, na nikakaa miezi saba bila kupanda mimbarini. Nilikuwa nalima nyanya. Jumapili nilikuwa namwagilia, ili watu wakipita kwenda ibadani wanione nimeshika ndoo, wajue kwamba sijali. Kengele ya kanisa la pale ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mfenesi, na aliyekuwa akiigonga ni mzee mmoja wa kanisa. Akaugua mguu. Mkewe akaja shambani akaniambia, Mchungaji, wewe ndiye jirani wa karibu, tusaidie kugonga, saa moja na nusu na saa mbili na nusu, basi. Sikuweza kumkatalia mama yule. Nikawa naenda, nagonga kwa nondo, narudi kwenye nyanya. Jumapili tatu. Nilikuwa nasikia wimbo wa kwanza nikiwa njiani. Ya nne mvua ikanikamatia pale pale mfenesini, nikaingia, nikakaa benchi la mwisho na maji yakinichuruzika, mhubiri akiwa kijana wa kidato cha nne anayetetemeka. Sikumbuki alihubiri nini. Nakumbuka kwamba baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka, na nikanunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kijinga, nikaubeba mpaka nyumbani.

Hilo ndilo lililonirudisha, kama kuna lililonirudisha. Sijawahi kupata ndoto wala sauti. Nikiulizwa na vijana kuhusu kudumu huwa naanza na rimu: bakiza kitu kimoja kidogo cha utumishi ambacho mikono yako inaweza kukifanya hata moyo ukiwa haupo. Kwako kitakuwa nini? Mimi ningeacha kwanza kuhubiri, nikabakiza watoto wa shule ya Jumapili, au kumsomea Neno yule bibi asiyeona ambaye kila mtaa unaye. Ila wewe ndiye unayeujua mtaa wako.

Basi barua. Nikijibu swali lako kama ulivyoliuliza: hapana, kuiwasilisha siyo kumkana Bwana. Uinjilisti wa mtaa ni kazi uliyokabidhiwa na kanisa, na kazi inaweza kurudishwa kwa heshima. Ubatizo wako haukuandikwa kwenye barua ya ajira. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo Perge na kurudi Yerusalemu, na safari ya pili Paulo alimkataa mpaka yeye na Barnaba wakatengana kwa ukali. Soma Matendo 15. Miaka mingi baadaye Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Katikati ya kurasa hizo Barnaba ndiye aliyemchukua wakati hana sifa, wakaenda Kipro. Sasa, aliyeacha akiwa amechoka anaweza kurudi. Anayepata shida kurudi ni aliyeondoka akichoma nyumba.

Ila usiipeleke hii uliyonayo. Imeandikwa na mtu asiyelala. Andika nyingine, fupi, ya kuomba likizo ya miezi mitatu kwa sababu ya afya yako na ya mkeo, mwinjilisti wa mtaa jirani akusaidie zamu, na wazee wale watatu waende nawe kuipeleka. Ndani yake taja posho ambayo haijalipwa, kwa miezi na kwa kiasi, bila kulaumu. Watumishi wetu wengi huona haya kutaja fedha, kisha wanaondoka kwa kinyongo cha fedha ambayo hawakuitaja. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Bwana mwenyewe alisema hivyo alipowatuma wale sabini, na alikuwa anazungumzia chakula.

Miezi mitatu ikiisha, jiulize. Umeanza kulala? Matokeo ya ukaguzi yamesomwa? Mkeo anapata dawa zake? Kama mambo haya yamekaa sawa na bado moyo hautaki, leta hiyo barua ya kuacha, nitakusaidia kuiandika kwa lugha nzuri, na utakuwa mzee wa kanisa au mwimba kwaya aliyetulia. Kama usingizi umerudi lakini viongozi wamekataa kukusafisha, omba uhamisho. Kudumu katika imani hakukufungi kwenye jengo moja. Na kama kila kitu ni kibaya vile vile lakini unajikuta asubuhi unaandaa somo la watoto bila kulazimishwa, basi jibu utakuwa umelipata mwenyewe, usiniulize.

Neno ambalo Biblia yetu ya Union inalitumia kwenye Waebrania 10:36 ni saburi, yaani subira: mnahitaji saburi. Mtu wa pwani ukimwambia subira haelewi kukaza meno. Anaelewa kungoja mahali, labda chini ya mti, na huku mkono unasuka ukili. Ukili unaujua, ule wa mkeka. Hakuna anayeusuka akiwa amekunja ngumi.

Msalimie mama sana. Mwambie asiruke mlo kwa sababu ya mfungo wa maombi ya mtaa. Mwenye kisukari anayetumia dawa hafungi bila kuongea na daktari wake, na wala Mungu hamdai. Ukishatoka kituo cha afya niandikie walichosema. Na mafundi wakipanda juu, nitumie picha ya kenchi kabla bati hazijapigwa.